Udongo wa Ardhi Yetu: Tiba, Kidonda na Adabu ya Kuuliza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo kisha akampulizia roho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Maswahaba zake na kila atakayeshika njia yao mpaka Siku ya Kiyama. Amma baad.



Maneno ya leo naanza kujiusia mimi nafsi yangu kabla yenu, kwa sababu jambo lenyewe lilinifika mimi. Muhula uliopita, Jumanne moja baada ya swala ya Alasiri, tulikuwa tunacheza mpira pembeni ya nyumba inayojengwa. Mwenzetu mmoja wa hosteli alikuwa anacheza bila viatu, akakanyaga ubao wenye msumari wa kutu. Msumari ukaingia kwenye unyayo. Tukamkalisha, tukammiminia maji ya jerikeni, damu ikapungua. Mmoja wetu akakimbilia chumbani akaleta emumbwa aliyopewa na jjajja yake nyumbani. Wasioijua, emumbwa ni udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani na mizizi, ukafinyangwa kama kijiti na kuanikwa. Mtu akiitaka huisugua juu ya jiwe na maji kidogo, akanywa au akajipaka.

Yule aliyeumia akasita. Akanigeukia mimi, kwa kuwa hosteli nzima huniita "Sheikh" kwa sababu tu nasoma masomo ya Kiislamu. Akaniuliza, "Sheikh, wewe unasemaje?" Nami sikusita. Nikamwambia ipo hadithi sahihi kuhusu udongo na mate, na kwamba Mtume (S.A.W.) alitibu kwa udongo. Nikaisoma dua yenyewe, tukaisugua ile emumbwa, tukaongeza udongo wa kichuguu ili iwe nzito, tukaibandika kwenye tundu la msumari na kufunga kwa kitambaa.

Siku ya Ijumaa mguu ulikuwa umevimba mpaka kifundo. Ndugu yetu aliswali akiwa amekaa, anatetemeka kwa homa. Tulipotoka msikitini dada mmoja anayesoma uuguzi alimwona akichechemea, akasogea akamwuliza maswali matatu: Umechomwa na nini? Tangu lini? Umewahi kuchanjwa pepopunda, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka gani? Ndugu zangu, katika watu wote tuliokuwa uwanjani Jumanne ile, hakuna aliyeuliza hata swali moja kati ya hayo. Dada yule akaita boda boda, akampeleka hospitali. Jeraha likafunguliwa, likatolewa usaha pamoja na udongo tulioushindilia wenyewe na kipande cha jani. Akachomwa sindano, akapewa dawa za siku nyingi, akakosa mitihani miwili. Alhamdulillah, mguu umepona. Lakini mimi tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: niliisoma hadithi sahihi, nimekosea wapi?

Udongo si kitu cha kudharauliwa

Kwanza tuseme lililo haki. Muislamu hawezi kuudharau udongo. Allah (S.W.) ametueleza katika Suratul-Mu'minun kwamba asili ya mwanadamu ni udongo, na katika Suratur-Rahman akaufananisha udongo huo na ule mkavu wa mfinyanzi unaolia ukigongwa. Katika Surat Taha tunaelezwa kwamba tumetolewa katika ardhi, tutarudishwa humo, na humo tutatolewa mara nyingine. Wa kwanza kuudharau udongo alikuwa Iblis, aliyedai kwamba yeye ni bora kwa kuwa ameumbwa kwa moto. Tunajua mwisho wake.

Kisha Allah akaufanya udongo kuwa tohara. Tunaikumbuka safari ile ambayo Bibi Aisha (R.A.) alipoteza mkufu wake, jeshi zima likasimama kuutafuta mahali pasipo na maji, na wakati wa swala ukawafikia. Hapo ikateremka aya ya kutayamamu. Watu waliokuwa wakilalamika kwamba binti wa Abu Bakr amewakwamisha wakageuka kumshukuru, na Usayd bin Hudayr (R.A.) akasema kwamba hiyo si baraka ya kwanza kutoka kwa jamaa wa Abu Bakr. Kwa hiyo mgonjwa ambaye maji yanamdhuru, na msafiri asiye na maji, wote wamepewa ardhi iwatosheleze.

Na hata mapenzi ya Mtume (S.A.W.) kwa Ali (R.A.) yaliwahi kutiwa jina la udongo. Alimkuta amelala msikitini, mgongo wake umeshika vumbi, akawa anampangusa huku akimwita Abu Turab, yaani baba wa udongo. Bwana Ali hakupenda jina lingine kuliko hilo.

Hadithi niliyoitumia na maana niliyoiacha

Sasa tuje kwenye hadithi yenyewe. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.). Mtu alipolalamika maumivu, au alipokuwa na kidonda au jeraha, Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya hivi kwa kidole chake na kusoma dua. Mpokezi Sufyan akaonyesha namna ilivyokuwa, akaweka kidole chake cha shahada ardhini kisha akakiinua. Maneno ya dua ile yamekusanya mambo manne: jina la Allah, udongo wa ardhi yetu, mate ya mmoja wetu, na kwamba mgonjwa wetu anapona kwa idhini ya Mola wetu.

Imam Nawawi katika maelezo yake ya Sahih Muslim amefafanua kwamba mtu huchukua mate yake kidogo kwenye kidole cha shahada, akakiweka kwenye udongo ili kitu kidogo kishike, kisha akapangusa mahali penye maumivu huku akisoma. Akasema wanazuoni wengi wanaona "ardhi yetu" ni ardhi yote, na wako waliosema ni ardhi ya Madina hasa kwa baraka yake.

Tazameni kipimo chake, ndugu zangu: ni kile kinachoshika kwenye ncha ya kidole, pamoja na dua. Hii ni ruqya, ni ibada ya kuomba. Nilichofanya mimi kilikuwa ni kushindilia ngumi nzima ya udongo wa kichuguu ndani ya tundu la msumari, kisha nikaliita tendo langu kwa jina la Sunna. Niliichukua hadithi ya kidole nikaibandika kwenye kitendo changu. Huko ndiko kukosea kwangu kwa kwanza.

Na kama ningetaka kufuata Sunna ya kutibu jeraha linalotoka damu, mfano ulikuwepo. Siku ya Uhud uso wa Mtume (S.A.W.) ulijeruhiwa. Sahl bin Saad (R.A.) ametusimulia katika Bukhari na Muslim kwamba Ali alileta maji katika ngao yake, na Fatima (R.A.) akawa anaosha damu. Alipoona maji yanazidisha damu, akachoma kipande cha mkeka, majivu yake akayabandika kwenye jeraha, damu ikakatika. Bibi Fatima alianza kwa kuosha. Akatazama matokeo. Alipoona njia moja haifai, akahamia nyingine, na akatumia kitu kilichotoka motoni. Hakung'ang'ania. Huyo ni binti wa Mtume akimtibu Mtume, na bado alitumia macho na akili.

Udongo unaponya kwa namna gani?

Wako wanaosema mambo ya udongo ni ushamba. Hilo nalo si kweli. Matabibu wa Kiislamu waliujua udongo na wakautofautisha. Ibn Sina katika Al-Qanun ametaja tin makhtum, udongo uliopigwa muhuri, na tin armani, udongo wa Armenia. Ibn al-Qayyim alipoieleza hadithi ya Bibi Aisha katika Zad al-Ma'ad alisema udongo una tabia ya ubaridi na ukavu, hukausha unyevu wa vidonda, hasa katika nchi za joto. Lakini angalieni: walikuwa na majina tofauti kwa udongo tofauti. Hawakusema udongo wowote kwa ugonjwa wowote.

Elimu ya leo inatueleza kwamba udongo wa mfinyanzi umejengeka kwa tabaka nyembamba mno, kama kurasa za kitabu, na juu ya tabaka hizo vitu vingi hunasa. Ndiyo maana unapopakwa usoni hunyonya mafuta, na maji yake yanapokauka ngozi huhisi ubaridi. Kaolini, udongo mweupe ambao hapa Uganda unapatikana Mutaka, hutumika katika kutengeneza dawa na vipodozi. Lakini huo huchimbwa, husafishwa na kupimwa kabla haujafika dukani.

Kuna kisa kinachotuhusu sisi kwa karibu. Upo ugonjwa wa vidonda vibaya unaoitwa Buruli. Jina hilo ni la kwetu, ni la kaunti ya Buruli, Nakasongola ya leo. Daktari Albert Cook wa Mengo aliviandika vidonda vya namna hiyo mwaka 1897. Bakteria wake hula ngozi na nyama taratibu, mara nyingi bila maumivu makali, mpaka mtu anaachwa na kilema. Mfaransa mmoja, Line Brunet de Courssou, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa Buruli nchini Côte d'Ivoire kwa kuwabandika udongo wa kijani kutoka Ufaransa kila siku, na wako waliopona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, wakachukua aina mbili za udongo ule na kuzipima maabara. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 ni funzo kubwa. Udongo mmoja uliwaua bakteria wengi, pamoja na wale wa Buruli. Mwingine, wa kijani vilevile na wenye madini yanayokaribiana sana na ya mwenzake, haukuwaua.

Udongo wa aina mbili, rangi moja. Mmoja unaua bakteria, mwingine unawaacha. Jicho halioni tofauti, kidole hakihisi tofauti. Na hata baada ya utafiti huo, tiba ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa Buruli ni dawa mbili za kuua bakteria, kwa wiki nane. Ikiwa waliopima kwa vyombo vyao hawakuharakisha kusema "bandika tu," mimi nilipata wapi ujasiri pembeni ya uwanja wa mpira?

Udongo huohuo unabeba nini?

Allah ametia katika ardhi manufaa, na ametia humo majaribio. Vijidudu vya pepopunda makazi yao ni udongoni na katika kinyesi cha wanyama. Hujifunga katika ganda gumu na kukaa humo miaka mingi wakisubiri. Jua haliwamalizi, na kuchemsha maji kwa dakika chache hakuwatoshi. Wanapoingia katika jeraha jembamba lenye kina, mahali pasipofikiwa na hewa, huamka na kutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Taya hukaza, mgongo hujipinda, pumzi hukatika. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya ishirini na moja. Sasa fikirieni: tundu la msumari ni jembamba na lina kina. Sisi tukalijaza udongo, tukaliziba lisipate hewa. Laiti tungekusudia kuupanda ugonjwa ule, tusingefanya tofauti.

Kwa sababu hiyohiyo watoto wachanga wengi wamekufa katika nchi zetu, pale kitovu kilipopakwa udongo, majivu au samadi. Uganda ilithibitishwa mwaka 2011 kwamba imelishinda tatizo la pepopunda ya mama na mtoto mchanga, kwa chanjo na kwa uzazi ulio safi. Lakini vijidudu havijaondoka ardhini. Vipo, vinangoja tuzembee. Dada zangu mtakaokuwa mama, na ninyi kaka zangu mtakaokuwa baba, bibi akija na udongo wa kitovu mpokeeni kwa heshima, mshukuruni, kisha kitovu kiacheni kikavu na kisafi. Na anayempeleka mtoto au ndugu yake kutahiriwa, aulize habari ya chanjo kabla, na kidonda kile asikipake udongo wala samadi. Tohara ni Sunna, na kulinda nafsi ni wajibu.

Tena sisi tunaoishi chini ya mlima Elgon tunayo habari nyingine. Udongo mwekundu wa milima ya volkano una chembe ndogo za madini zinazopenya ngozi ya mtu anayetembea peku kwa miaka mingi. Kwa baadhi ya watu miguu huvimba, ikawa mikubwa na migumu kama ya tembo. Ugonjwa huu umeonekana Kapchorwa, na mwaka 2015 ulithibitishwa Kamwenge, magharibi. Wanaougua hutengwa wakidhaniwa wamerogwa au wamelaaniwa, na kumbe kinga yake ni viatu, na kuosha miguu kwa maji na sabuni. Subhanallah! Umma ulioamrishwa kuosha miguu mpaka vifundoni katika udhu ndio ungepaswa kuwa wa mbele kuwafundisha jirani zao jambo hili, na kuwaondolea wagonjwa hawa aibu ya kusingiziwa uchawi.

Waliofutu bila kujua

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye hadithi iliyonitoa usingizi. Abu Dawud ameipokea kutoka kwa Jabir (R.A.). Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akaota, ikamlazimu kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama wanaona anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba hawaoni ruhusa kwake hali maji anayo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akasema kwamba wamemuua, akawaombea mabaya kwa kitendo hicho, akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. Asili ya kisa hiki imekuja pia kwa njia ya Ibn Abbas (R.A.).

Tulitafakari jambo hili. Kisa hiki kina jeraha, kina maji, kina udongo, kama kisa chetu. Kwao udongo ndio uliokuwa rehema, na maji ndiyo yaliyodhuru. Kwetu maji safi na sabuni ndiyo yaliyokuwa rehema, na udongo ndio uliodhuru. Kosa la watu wale halikuwa maji, na kosa letu halikuwa udongo. Kosa ni moja: mtu aliyeumia aliuliza, akajibiwa na asiyejua. Na walikuwa watu wema, tena walidhani wanalinda dini. Nia yao njema haikumrudisha marehemu.

Tena ipo hadithi nyingine, kwa Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, inayosema kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi huyo anadhamini. Maana yake akimdhuru mtu anabeba dhima. Nilipoisoma nilimwendea ndugu yangu yule, nikamwomba msamaha, nikamwambia gharama ya matibabu nusu yake iko juu yangu. Akacheka akasema, "Sheikh, mguu ni wangu, lakini na mimi sikuuliza." Tukalipa pamoja.

Wanafunzi wenzangu wa masomo ya Kiislamu, sisi tuna mtihani wa peke yetu. Tukisema neno, watu hawasikii maoni ya kijana wa mwaka wa pili. Wanasikia dini. Mtu akikataa dawa yangu ataona kama amekataa Sunna, na dawa yangu ikimdhuru atakuja kuitilia shaka Sunna yenyewe. Kwa hiyo tukiulizwa jambo la mwili, kusema "sijui, twende kwa anayejua" ni sehemu ya amana. Na ninyi mnaosoma udaktari, uuguzi na famasia, msituachie mimbari peke yetu. Dada yule hakunukuu hadithi, lakini aliitekeleza ile ya kuuliza kuliko mimi niliyeihifadhi.

Tufanye nini basi?

Simkatazi mtu udongo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na akatuhimiza kujitibu. Ila pia ametufundisha kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kati ya mafundisho haya mawili ndipo tunapotembea. Basi tushike haya:

Kwanza, ngozi nzima, isiyo na mchubuko, ndiyo mahali pa udongo. Anayetaka kuupaka usoni kwa ajili ya mafuta, au mgongoni kwa joto, na atumie udongo uliosafishwa, ajaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, asubiri siku moja. Ukiwasha, auoshe na auache.

Pili, usiweke udongo kwenye jeraha lililo wazi, tundu la msumari, mahali palipoumwa na mbwa, palipoungua, kitovu cha mtoto, wala mguu wa mwenye kisukari. Jeraha lioshwe kwa maji mengi safi yanayotiririka na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi, kisha twende kwenye kituo cha afya. Aliyeungua amiminiwe maji ya kawaida ya baridi kwa muda, dakika ishirini hivi, naye asipakwe udongo, mafuta wala dawa ya meno. Aliyeumwa na mbwa aoshe kwa sabuni dakika kumi na tano na awahi chanjo siku ileile.

Tatu, kila mmoja wetu aulize habari ya chanjo yake ya pepopunda kabla hajaumia. Simu moja kwa mama nyumbani inaweza kutosha kujua.

Nne, tuwe waangalifu na udongo wa kula, hasa dada zetu wajawazito. Udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya sumu kama risasi. Hamu ya kula udongo mara nyingine huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo anayeihisi aende akapimwe. Wala tusiwatishe watu kwa hadithi zinazotembea kuhusu kula udongo, kwani wahakiki wa hadithi wamesema hakuna iliyothibiti katika mlango huo. Madhara yenyewe yanatosha kuwa hoja.

Tano, tulinde tauhidi. Wako wanaouza udongo wa bahati, wa mapenzi, wa kufaulu mtihani, na wako wanaobeba udongo wa makaburi. Udongo hauna uwezo wa kuvuta heri wala kuzuia shari. Dua ile ya Mtume (S.A.W.) inaanza kwa jina la Allah na inaishia kwa idhini ya Allah. Udongo umo katikati, nao ni sababu tu.

Sita, tusisahau fiqhi yake. Udongo uliokauka usoni au mkononi huzuia maji kufika kwenye ngozi, basi uondolewe kabla ya udhu. Na mwenye jeraha ambalo maji yanalidhuru asilazimishwe. Aoshe palipo pazima, apanguse juu ya bendeji au atayamamu kama mafakihi walivyoeleza, na amwulize mwalimu wake namna inavyomfaa. Huo ndio udongo ambao sheria imempa mgonjwa bila shaka yoyote: vumbi safi, usoni na mikononi, kwa ajili ya swala. Ammar (R.A.) alipokuwa na janaba bila maji alijigaragaza mwili mzima mchangani kwa kudhani kwamba ndivyo ilivyo. Mtume (S.A.W.) akamfundisha kwamba kupiga ardhi kwa viganja na kupangusa uso na mikono kulikuwa kunamtosha. Na yeye pia alijua kwa kuuliza.

Ndugu zangu, na leo jioni pale uwanjani mtu akiumia, kabla hatujakimbilia chumbani kutafuta dawa, tuanze na maswali ya dada yule: Amechomwa na nini? Tangu lini? Amechanjwa? Kisha tumwoshe, tumbebe, tumsomee dua njiani. Dua na hospitali hazijawahi kugombana. Wanaogombana ni watu wasiouliza.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awalinde wanaotuuguza, atupe elimu yenye manufaa na ndimi zinazoweza kusema "sijui." Ewe Mola, tuliowadhuru kwa ujinga wetu tupe nafasi ya kuwatengenezea, na utusamehe. Umetuumba kwa udongo, turudishe kwenye udongo nawe ukiwa radhi nasi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.